Kengele ya Shavu: Namna ya Kumwezesha Mgonjwa Asiyeweza Kusema Kuita Akiwa Nyumbani

Mada iliyosomwa mbele ya wananchi na watoa huduma wa Kata ya Chome



Katika nyumba nyingi za milimani mgonjwa wa muda mrefu hulazwa chumba cha ndani, mahali ambapo baridi ya Shengena haimfikii. Jiko huwa nyumba ya pembeni. Shamba la mahindi na maharage liko bondeni, au liko juu zaidi ya nyumba, na kwenda na kurudi ni mwendo wa kupanda na kushuka. Aliyepooza kwa kiharusi, au aliyedhoofishwa na maradhi ya mishipa ya fahamu, husikia kila kinachotendeka uani: kuku, ndoo, watoto wanaporudi shule. Lakini hana sauti ya kuita wala mkono wa kugonga ukuta. Anayemuuguza hulazimika kukisia. Akikisia vibaya, mgonjwa hushinda na kiu, hulala katika mkojo, au hubaki ameegemea upande mmoja hadi ngozi ya nyonga ikaanza kuchubuka. Uuguzi unaelekeza kwamba asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili. Familia yenye jembe mkononi huijua kanuni hiyo, ila saa mbili shambani hupita bila kuhesabiwa.

Wagonjwa wengi wa namna hiyo bado wana kitu kimoja kinachowatii, nacho ni uso. Kiharusi mara nyingi huulegeza upande mmoja wa mdomo na shavu, lakini upande wa pili hubaki na nguvu, na paji la uso kwa kawaida huendelea kukunjika pande zote mbili. Mada hii inahusu kifaa kidogo cha kielektroniki ambacho hutambua kusogea kwa shavu au nyusi na kupiga kengele. Kinaweza kuundwa na fundi redio, au na kijana aliyehitimu Kidato cha Nne akiwa bado anakumbuka somo la diodi na transista katika Fizikia.

Kifaa cha aina hii kilikwisha kutumika kwa kazi kubwa kuliko kengele. Mwanasayansi wa Uingereza Stephen Hawking aligunduliwa kuwa na maradhi ya mishipa ya fahamu mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1985 alifanyiwa upasuaji wa koo uliomwondolea sauti kabisa. Kwa miaka mingi alibonyeza kitufe kwa mkono ili kuchagua maneno katika kompyuta, na vidole vilipochoka akahamia shavuni. Kwenye fremu ya miwani yake palifungwa kihisio kilichotoa miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni, na kupima namna miale hiyo inavyorudi kutoka kwenye ngozi. Shavu lilipokazwa, kompyuta ilipokea amri. Kwa njia hiyo aliendelea kuandika na kuhutubia hadi alipofariki Machi 14, 2018. Kompyuta yake ilikuwa ya gharama kubwa na ilihudumiwa na wahandisi. Kihisio chenyewe, kile kipande kilichokuwa shavuni, ni teknolojia ileile inayouzwa leo katika maduka ya vipuri vya elektroniki kama kifaa cha wanafunzi cha kujifunzia.

Afrika Mashariki nayo ina mifano ya watu walioanza na vipande vidogo. Nchini Kenya, Roy Allela alibuni glovu zinazoitwa Sign-IO. Kila kidole cha glovu kina kihisio cha kupinda, na programu ya simu huzigeuza ishara za mkono za kiziwi kuwa sauti. Jirani zaidi, Arusha, fundi baiskeli Bernard Kiwia alijulikana kwa kuunda chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli kutokana na vipande vilivyokwisha kutupwa, na ni miongoni mwa waanzilishi wa Twende, kituo cha ubunifu ambako wananchi hujifunza kuunda vifaa vya kutatua shida zao wenyewe. Mkono uliozoea kufufua redio iliyozimika utaiweza pia kazi inayoelezwa hapa.

Kiini cha kifaa ni kijisaketi chenye kihisio kiitwacho TCRT5000. Kina vijicho viwili vilivyokaa pamoja, kimoja kikitoa miale ya infraredi na cha pili kikiipokea inaporudi. Kitu kikisogea karibu, miale inayorudi huongezeka. Kikienda mbali, hupungua. Kimetengenezwa kwa ajili ya umbali mfupi sana, usiozidi milimita 15, na ndiyo sababu kinafaa shavuni kuliko kile kingine maarufu cha kutambua vizuizi, ambacho huona hadi sentimita nyingi na hushtuliwa na mkono wa kila anayepita. Kwenye kijisaketi hicho pia kuna kipande cha kulinganisha, aina ya LM393, na skrubu ndogo ya kurekebisha.

Mtu wa Upareni hahitaji maelezo marefu kuhusu skrubu hiyo. Ni sawa na kuweka alama kwenye ukingo wa ndiva. Maji yakiwa chini ya alama, mfereji ni mkavu. Yakiivuka, mfereji unapokea. Skrubu ndiyo inayopandisha au kushusha alama, na taa ndogo iliyo juu ya kijisaketi huwaka au kuzimika pale alama inapovukwa. Rangi ya ngozi haizuii kazi, kwa kuwa weusi wa ngozi hufyonza miale ya infraredi kwa kiasi kidogo kuliko unavyofyonza mwanga wa kawaida. Hata hivyo kila uso unahitaji alama yake, na kifaa kilichorekebishwa kwa fundi hakitamtii mgonjwa mpaka kirekebishwe upya akiwa amekivaa.

Vitu vingine vinavyohitajika ni bodi ndogo ya Arduino aina ya Nano, kengele ndogo ya umeme ya volti 5, transista moja aina ya BC547, resista mbili za ohm 1,000, taa moja ndogo ya diodi, kitufe kimoja cha kubonyeza, nyaya nyembamba, na fremu ya miwani isiyo na vioo. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kama bodi ya wanafunzi ambao hawakuwa wahandisi, na programu ya kuiandikia maelekezo hupatikana bure. Anayemiliki kompyuta pale shuleni au mjini ataiandikia mara moja tu. Baada ya hapo bodi huyakumbuka maelekezo hata umeme ukikatika.

Kabla ya kulehemu chochote, fundi huunganisha kihisio na umeme peke yake na kukipima. Kwa kuwa miale yake haionekani, hukitazama kupitia kamera ya simu. Katika simu nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, kijicho kinachotoa miale huonekana kikiwaka kwa rangi ya zambarau hafifu. Kisha hukishika karibu na shavu lake mwenyewe, kwa umbali wa milimita 5 hadi 8, na kuizungusha skrubu polepole kwa bisibisi ndogo hadi taa ibadilike kila anapotabasamu na kurudi anapotulia. Hatua hii isiharakishwe. Fundi asiyefanikiwa hapa hatafanikiwa mbele, hata akiwa na bodi ya bei gani.

Taa ikikubali, kihisio hufungwa kwenye fremu kwa waya mgumu wa shaba unaopindika, ili kiweze kusogezwa kulifuata shavu la mgonjwa. Nyaya zake tatu hupita kando ya mkono wa fremu na kushuka nyuma ya sikio: wa umeme, wa ardhi, na wa ishara unaoingia pini namba 2 ya Arduino. Pini namba 8 hupelekwa kwenye mguu wa kati wa transista kupitia resista ya kwanza, na transista ndiyo inayowasha kengele. Kengele isiunganishwe moja kwa moja na pini, kwa sababu huweza kuvuta umeme mwingi kuliko pini inavyopaswa kutoa. Taa ya diodi huwekwa mahali mgonjwa anapoiona akiwa amelala, na huunganishwa na pini namba 9 kupitia resista ya pili. Kitufe hukaa ubavuni mwa kitanda, kikiunganisha pini namba 4 na ardhi.

Maelekezo anayoandikiwa Arduino ni mafupi. Aitazame ishara ya shavu kila baada ya milisekunde 20. Akikuta shavu limeinuliwa, aongeze moja katika hesabu; akikuta limeshuka, hesabu irudi sifuri. Hesabu ikifika 50, yaani shavu likiwa limeinuliwa kwa sekunde moja mfululizo, awashe kengele na taa. Hapo ndipo panapotenganishwa wito na ajali. Kukohoa, kupiga chafya au kumeza mate hutikisa shavu kwa muda mfupi na kuliachia, kama manyunyu yasiyojaza ndiva. Mgonjwa anayechoka haraka apunguziwe hesabu iwe 30. Mwenye misuli inayorukaruka aongezewe iwe 80 au 100. Kwa kuwa baadhi ya vijisaketi hutoa ishara kinyume cha vingine, fundi ahakikishe kwanza kama kwake shavu lililoinuliwa ni ishara ya juu au ya chini.

Maelekezo ya kuzima ndiyo yenye uzito kuliko yote. Kengele isijizime yenyewe baada ya sekunde chache. Iendelee kulia kwa vipindi hadi mtu abonyeze kitufe kilicho ubavuni mwa kitanda, na kitufe hicho kisiwekwe jikoni wala sebuleni kwa hoja ya urahisi. Mwenye kuizima ni sharti awe amefika, amesimama mbele ya mgonjwa na kumwona uso. Nayo taa ndogo humwambia mgonjwa kwamba wito umetoka, hivyo hana haja ya kujichosha kwa kukaza shavu mara kumi akidhani hakusikika.

Sauti ya kengele ndogo haivuki kuta mbili. Kwa nyumba ambayo jiko lake liko mbali, fundi anaweza kutumia kengele ya mlangoni isiyo na waya. Rilei ndogo yenye saketi yake huwekwa badala ya transista na kengele, na milango yake miwili hulehemiwa sambamba na kitufe cha kengele ya mlangoni. Arduino akitoa amri, ni kama mtu amebonyeza mlangoni, na kipokezi hulia jikoni au kwa jirani. Ukuta wa mawe na mteremko wa ardhi hupunguza umbali ulioandikwa kwenye boksi, kwa hiyo kipimo halali ni kile kinachofanyika katika nyumba yenyewe, milango ikiwa imefungwa.

Lipo katazo ambalo halina nafuu. Wapo watakaotaka kukielekeza kihisio kwenye jicho ili kupepesa kuwe ndiyo ishara. Kisifanyike. Mwanga wa kawaida ukizidi, mboni hujibana na kope hufumba; miale ya infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halijikingi, na mgonjwa aliyekivaa kutwa nzima hawezi kukiondoa wala kulalamika. Shavu na nyusi zinatosha, kihisio kikiwa kimeelekezwa pembeni, mbali na jicho.

Jua nalo hutoa infraredi nyingi. Kifaa kilichofanya kazi vizuri usiku huweza kupiga kelele bila sababu saa nne asubuhi, jua linapoingia dirishani na kuufikia uso wa mgonjwa. Dawa yake ni kipande cha plastiki nyeusi kilichozungushiwa kihisio kama kikofia, au kukisogeza kitanda. Tatizo la pili ni mto. Mgonjwa akigeuzwa ubavu, mto huisukuma fremu na kihisio hupoteza mahali pake. Kila anayemgeuza arudishe fremu, amwombe ainue shavu, na asubiri kengele ilie kabla ya kuondoka. Nyuma ya masikio na juu ya pua pakaguliwe kila siku, kwani fremu ikikaa kutwa huweza kuchubua ngozi ileile ambayo kifaa kililetwa kuilinda.

Kuhusu umeme, wengi watafikiria pawabanki. Ni wazo zuri lenye mtego. Pawabanki nyingi hujizima zinapoona umeme unaotumika ni mdogo, zikidhani simu imekwisha kujaa, na kifaa hiki hutumia umeme mdogo sana. Mgonjwa hubaki na kengele iliyokufa bila mtu kujua. Pawabanki ijaribiwe usiku mzima kwanza. Njia ya uhakika zaidi ni betri tatu kubwa za tochi, ambazo kwa pamoja hutoa volti 4.5, zikiunganishwa na pini ya volti 5 ya bodi. Zisiwe nne: volti 6 ni nyingi mno kwa pini hiyo. Umeme wa ukutani kupitia chaja ya simu unafaa mchana, lakini usitegemewe peke yake, kwa kuwa umeme hukatika pasipo taarifa. Kila asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda mashambani, mgonjwa aombwe kupiga kengele mara moja. Isipolia, mtu mmoja abaki nyumbani siku hiyo.

Baada ya kengele huja mazungumzo, na hapa hakuna saketi inayosaidia. Mgonjwa ameita, mtu amefika. Sasa anataka nini? Nyumba zinapokosea huanza kumwuliza maswali matatu kwa mkupuo, kila mtu na lake, kisha husema hajui anachotaka. Swali liwe moja, la kujibiwa ndiyo au hapana, na muda wa kujibu uwepo. Shavu mara moja ni ndiyo. Hapana ipewe ishara yake, kwa mfano kufumba macho kwa muda, kwa maana ukimya wa mgonjwa unaweza kuwa uchovu au usingizi na usichukuliwe kuwa jibu. Maswali yaanze na yale ya mwili: maumivu, kiu, haja, kugeuzwa, baridi. Yaulizwe katika lugha anayoizoea. Mzee aliyezungumza Chasu maisha yake yote asilazimishwe kujibu Kiswahili akiwa kitandani.

Yasipofika kwenye jibu, ziko herufi. Mwandishi wa Ufaransa Jean-Dominique Bauby alipatwa na kiharusi Desemba 1995, akabaki na kope ya jicho la kushoto tu. Msaidizi alimtajia herufi moja moja, zikiwa zimepangwa kuanzia zinazotumika zaidi katika Kifaransa. Alipopepesa, herufi iliandikwa. Kitabu kizima kiliandikwa hivyo na kuchapishwa mwaka 1997, bila kifaa chochote cha umeme upande wake. Kwa Kiswahili mpangilio huo utaanza na A, kwa kuwa ndiyo herufi inayotokea kuliko zote. Herufi zilizoandikwa kwa kalamu nene kwenye kadibodi zinatosha, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya kazi hii kwa subira inayowashinda baadhi ya watu wazima.

Familia yenye simu janja ina njia nyingine. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba kamera ya mbele ya simu za Android ingeweza kutambua ishara za uso kama kutabasamu, kuinua nyusi au kufungua mdomo, na kuzigeuza kuwa amri. Ni njia inayofaa kwa kijana aliyezoea simu na anayeketi. Kwa mzee aliyelala chumba chenye giza, simu ikihitajika pia kwa biashara na mawasiliano ya nyumba nzima, fremu ya miwani itakuwa na manufaa zaidi.

Izingatiwe kuwa kifaa hiki si tiba wala hakimrithi mhudumu wa afya. Mtu ambaye uso umelegea ghafla, mkono umeshuka au maneno yamevurugika hapaswi kutafutiwa fundi. Anapaswa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo, na kutoka milimani safari ianze mapema kuliko mahali pengine. Kengele ni ya yule ambaye hali yake imekwisha kujulikana na yuko nyumbani akiuguzwa. Hata huyo, mhudumu wa afya ndiye aoneshe ni msuli upi wa uso ulio imara, ili mgonjwa asikaze msuli unaomuumiza.

Kwa vijana watakaopenda kuifanya kazi hii kuwa ya kudumu, wakiunda na kutengeneza vifaa vya aina hii pamoja na kengele, chaja na redio, sheria imeweka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye mlango wa kuanzia. Kikundi kinachotaka kusikilizwa kiende na kifaa kilichokwisha kuvaliwa na kujaribiwa walau wiki mbili katika nyumba moja, pamoja na daftari la siku ambazo hakikulia na sababu zake.

Nyumba ambayo haijapata kifaa inaweza kuanza leo na kadibodi ya herufi na kanuni ya swali moja. Itakapopata, kabla fundi hajaondoka, majina mawili yaandikwe ukutani juu ya kitanda: la anayeitika mchana na la anayeitika usiku. Mgonjwa asomewe majina hayo, na aulizwe kama anakubali.